Git inasema niko sawa, mafaili ya Katonga yako wapi?

MamaToner (Mwanga, Kigoma), Jumatatu saa 3 usiku

Wakuu, salamu. Naomba msaada, na mnivumilie, mie stori fupi sijui.

Nina kibanda cha steshenari hapa Mwanga: fotokopi, picha za paspoti, kuprinti barua za kuomba kazi, na kompyuta moja inayokohoa. Pembeni ni mtunza hazina wa kikundi chetu cha akina mama, tunanunua dagaa wabichi mwaloni, tunaanika, tunauza. Ziwa lilipofungwa mwaka 2024, kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti, tulikaa miezi 3 mikono mapajani. Ndipo kijana wa mwenzetu mmoja, anakaa Kasulu, akatuambia madaftari yetu yataliwa na mchwa. Akatutengenezea kiprogramu. Kila mwalo una faili lake la CSV (jedwali la maandishi matupu): tarehe, beseni ngapi, kilo wabichi, kilo wakikauka, bei. Mie naandika ya Kibirizi. Kijana anashughulika na programu inayojumlisha. Vyote viko kwenye ripo moja GitHub, yaani folda ya pamoja iliyoko mtandaoni, na Git ndiyo programu inayotunza historia yake; imefungwa, tunaingia sisi tu. Nilifundishwa mambo manne: kuvuta (pull), kuongeza (add), kukomiti (commit, kuhifadhi mabadiliko na ujumbe wake), kusukuma (push). Nimeyaandika kwa maka peni juu ya fotokopi ili nisisahau.

Sasa wiki mbili zilizopita tumeongeza binti wa kutuandikia ya Katonga. Tangu aanze, faili lake sijaliona hata siku moja. Wiki ya kwanza sikushtuka, ilikuwa mbalamwezi. Mbalamwezi wavuvi wa dagaa wanapumzika, taa zao haziwezi kushindana na mwezi. Nikasema basi, binti hana cha kuandika. Lakini giza limerudi tangu tarehe 9. Usiku ukisimama Bangwe unaona taa ziwani kama kuna mji mwingine huko majini. Asubuhi dagaa nawanunua kwa mkono wangu. Na faili la Katonga hakuna.

Binti anaapa amesukuma. Namwambia sijaona. Anasema amesukuma. Tumeshaanza kununiana.

Nikivuta, napata hivi:

`git pull`
`Already up to date.`

Nikiuliza hali:

`git status`
`On branch main`
`Your branch is up to date with 'origin/main'.`
`nothing to commit, working tree clean`

Juzi nilichoka, nikamwambia anitumie kwa WhatsApp. Akatuma katonga.csv, nikalidondosha kwenye folda ya data, nikasahihisha mistari mitatu (tarehe 9, 11 na 12) alikochanganya kilo za wabichi na za wakavu. Lakini siwezi kuishi hivyo. Kwenye simu yangu sasa hivi kuna katonga, katonga(1) na katonga(3). Katonga(2) sijui ilikwenda wapi.

Nani kati yetu ni mwongo, mie, binti, au mashine?

---

kijiti, saa 3:20 usiku

Futa folda yote, clone upya (nakili ripo nzima tena kutoka GitHub). Dakika mbili umemaliza. Git ikikuzingua dawa ni hiyo tu.

---

reli_ya_kati (Tabora), saa 4 kasoro

Mama shikamoo. Tafadhali USIFUTE folda. Kijiti, mdogo wangu, umesoma mpaka mwisho? Mama kasahihisha mistari mitatu kwa mkono kwenye faili ambalo Git haijawahi kulipokea. Akifuta folda, kazi yake imekwenda na maji, na hakuna amri ya kuirudisha. Halafu akiclone upya atapata kile kile anachokiona leo, kwa sababu tatizo haliko kwake.

Mama, kabla ya yote nakili lile katonga.csv lako uliweke nje kabisa ya folda ya ripo. Kwenye Desktop, kwenye flashi, popote. Sababu nitakueleza.

Sasa swali lako. Hakuna mwongo. Ila kuna neno mnalolisoma vibaya, wewe kwa upande wako na, nahisi, binti kwa upande wake.

`git status` haipigi simu popote. Inaangalia kumbukumbu iliyoko ndani ya kompyuta yako: mara ya mwisho ulipowasiliana na GitHub, main ya kule (tawi kuu la kazi yenu) ilikuwa wapi? Ikikuta uko hapo hapo, inakuambia uko sawa. Ni kama kusoma ubao wa bei ulioandikwa asubuhi. Haudanganyi, ila umeandikwa asubuhi. Ungeng'oa modemu ukutani na bado ingekuambia uko sawa.

`git pull` ndiyo inayopiga simu. Inafanya kazi mbili kwa mpigo. Kwanza inachukua mapya yote ya kule na kuyaweka stoo, ndani ya kompyuta yako lakini hayajafika mezani. Hiyo peke yake ndiyo `git fetch`. Kisha inachukua tawi moja tu (tawi ni mkondo wa kazi uliotengwa na mingine), lile ulilosimama juu yake, na kuliunganisha na kazi yako. Wewe umesimama kwenye main. Kama binti anasukuma kwenye tawi lingine, vitu vyake vinafika stoo kwako kila siku na mezani haviji ng'o. Utaambiwa uko sawa, na kwa upande wa main ni kweli uko sawa.

Andika hii, inaorodhesha matawi ya kule GitHub (Git inakuita kule origin), utuletee majibu:

`git branch -r`

---

MamaToner, saa 4:15 usiku

Marahaba mwanangu, Mungu akubariki. Nimenakili, liko kwenye Desktop na kwenye flashi ya mteja (atanisamehe).

Majibu:

`origin/HEAD -> origin/main`
`origin/katonga`
`origin/main`

Katonga hiyo hapo! Imekaa kimya siku zote hizi! Na sasa nakumbuka, siku ya kwanza nilipovuta baada ya binti kuanza ilitokea mistari ya ajabu, mmoja una nyota na maneno new branch. Nikadhani ni kosa, nikafunga dirisha haraka haraka kama mtu aliyevunja kikombe.

Sasa naliletaje mezani?

---

reli_ya_kati, saa 4:25 usiku

Usilete bado. Kuna kitu kingine kwenye maelezo yako kimenikwama kooni.

Umesema ulidondosha katonga.csv kwenye data kwa mkono. Faili jipya ambalo Git hailijui, `git status` ilipaswa kukutajia chini ya Untracked files, kwa rangi nyekundu. Yako imesema hakuna chochote, pako safi. Mtu anaingia sebuleni na viatu vya matope halafu mwenye nyumba anasema hakuingia mtu? Ina maana Git imeambiwa isiyatazame mafaili ya namna hiyo. Na kama imeambiwa hivyo kwako, kuna uwezekano imeambiwa hivyo hivyo kwa binti.

Andika hizi mbili:

`git check-ignore -v data/katonga.csv`
`git ls-tree -r --name-only origin/katonga`

Ya kwanza inauliza nani aliyekataza. Ya pili inaorodhesha mafaili yote yaliyomo kwenye tawi la binti, bila kugusa kitu chochote mezani kwako.

---

MamaToner, saa 4:40 usiku

Ya kwanza:

`.gitignore:7:*.csv    data/katonga.csv`

Ya pili imetoa orodha. Nimeisoma mara tatu na miwani. Kuna data/kibirizi.csv, kuna mafaili ya kijana ya programu, na kuna kitu kipya data/mitumbwi-katonga.txt. Katonga.csv HAIMO.

Kwa hiyo binti kasukuma kweli, lakini kasukuma orodha ya mitumbwi tu?

---

reli_ya_kati, saa 5 kasoro dakika 10 usiku

Ndiyo hivyo. Mstari wa 7 wa faili la .gitignore unasema mafaili yote yanayoishia na .csv yaachwe. Bila shaka kijana wa Kasulu aliuweka kwa nia njema, programu yake inatema majumlisho ya CSV na hakutaka yajae kwenye ripo. Mnaweza kujiuliza mbona kibirizi.csv inapita. Ni kwa sababu iliingia kabla ya katazo. Faili likishaingia kwenye kumbukumbu za Git, .gitignore haina mamlaka nalo tena, inazuia wageni tu. Katonga ni mgeni.

Na nabashiri binti anatumia `git add .` kwa nukta. Ukitaja faili lililokatazwa kwa jina, Git inakugombeza waziwazi. Ukitumia nukta inalipita kimya kimya bila hata kukohoa. Kisha anakomiti, anaambiwa hakuna cha kukomiti. Anasukuma, anaambiwa `Everything up-to-date`. Mtu yeyote akisoma maneno hayo usiku, amechoka, ataelewa kwamba kazi imefika. Kumbe maana yake ni kwamba hakuna kilichotoka.

Wote wawili mmeambiwa mko sawa, mama, na kila mmoja akabaki na faili lake.

Sasa ile sababu ya kukuambia unakili. Watu wengi wanajua kwamba ukivuta na kuna faili lako ambalo Git hailijui lenye jina hilo hilo, Git inagoma, inakuambia lihamishe kwanza. Ni kweli, lakini si kwa mafaili yaliyokatazwa na .gitignore. Hayo inayahesabu kama takataka zisizo na mwenyewe. Binti akisharekebisha na faili lake likaja, Git ingeliandika juu ya lako bila kukuuliza, na mistari yako mitatu ingezama hivyo hivyo. Mimi nilijifunza hili kwa machozi, faili la nywila za seva, mwaka sitautaja.

Dawa ni upande wa binti na kijana. Mstari wa 7 ubadilishwe uwe unataja majumlisho tu, mfano `jumla-*.csv` kama ndivyo yanavyoitwa. Au uachwe, na chini yake uongezwe:

`!data/*.csv`

Alama ya mshangao ina maana "isipokuwa haya". Inafanya kazi kwa sababu kilichokatazwa ni aina ya faili. Kama siku moja mtu ataandika `data/` akakataza folda nzima, mshangao hautafua dafu, Git haiingii hata mlangoni mwa folda hiyo.

Kisha binti aongeze, akomiti, asukume, na kijana aunganishe tawi la katonga na main. Wewe kwako ni `git pull` ya kawaida tu, hiyo hiyo ya kwenye fotokopi.

---

chumvi_kali (Uvinza), Jumanne saa 12:40 asubuhi

Nimeamka nimekuta uzi mtamu. Reli amemaliza, naongeza la kwangu kwa wenye mitandao ya kuombea dua.

Kuna namna nyingine ya kutoona matawi ya wenzako, nayo haihusiani na .gitignore. Mimi nilipoclone ripo yetu nilitumia `--depth 1` (nipewe komiti ya mwisho tu, bila historia) kuokoa bando. Sikujua kwamba hiyo inakufungia pia tawi moja tu. Nikafetch mpaka vidole vikaota sugu, matawi ya wenzangu hayaji hata stoo, `git branch -r` inaonyesha main pekee. Dawa yake:

`git remote set-branches origin '*'`
`git fetch`

Baada ya hapo yakaja yote. Shida ya mama si hiyo kwa sababu origin/katonga anaiona, lakini atakayesoma huko mbele aijue.

Na mtandao ukikata kabisa, msirudi kwenye katonga(1) na katonga(3). Git ina kitu kinaitwa bundle. Binti anafunga komiti zake kwenye faili moja:

`git bundle create katonga.bundle origin/main..katonga`

Analiweka kwenye flashi au anakutumia WhatsApp kama dokumenti. Wewe kwako unalikagua, kisha unafetch kutoka kwenye faili hilo kana kwamba ndiyo GitHub yenyewe:

`git bundle verify katonga.bundle`
`git fetch katonga.bundle katonga:kutoka-katonga`

Linakuja na historia yake, nani kaandika, lini, na ujumbe wa komiti. Verify ikilalamika unakosa komiti fulani, mwambie afunge tawi zima bila ile `origin/main..`, litakuwa kubwa kidogo lakini linajitegemea. Sisi tulifanya hivi mwezi mzima, kazi inakuja na basi.

---

kijiti, saa 1:30 asubuhi

Sawa nimekubali, nilisoma nusu. Lakini kwa nini akina mama wanaouza dagaa wateseke na Git? Si wafungue jedwali moja la Google, wote waandike humo?

---

MamaToner, saa 2 asubuhi

Kijiti mwanangu, tulianza nalo. Mtu mmoja, simtaji, alipanga safu ya bei kutoka ndogo kwenda kubwa na kuacha safu nyingine zote mahali pake. Bei za Juni zikaolewa na kilo za Septemba. Tulikuja kugundua siku ya kugawana fedha, na akina mama 14 wakinitazama mie. Kwenye Git najua nani kagusa mstari gani na lini, na wa jana naweza kuurudisha. Mateso haya nayapenda kuliko yale.

Nimempigia kijana wa Kasulu. Amecheka mpaka nikamkatia. Anasema mstari wa 7 ni wake, na tawi pia ni lake: ndiye aliyemwambia binti asiguse main kwa kuwa ni mgeni. Mie hakuniambia kama kuna matawi. Nilidhani ripo ni kama chumba kimoja, kumbe ni nyumba.

---

reli_ya_kati, saa 3 asubuhi

Alimfundisha binti vizuri, akasahau kukufundisha wewe kutazama. Ongeza amri moja kwenye ile fotokopi, ya kutumia kabla ya kununiana na mtu:

`git fetch`
`git log --oneline --stat main..origin/katonga`

Inakuonyesha komiti zilizoko kwenye tawi la binti ambazo main yako haina, na kila komiti imegusa mafaili gani. Kama katonga.csv haitajwi humo, haijasukumwa, hata kama mwenye faili ataapa kwa jina la bibi yake. (Ni amri mbili, najua. Mimi ni mtu wa kompyuta, kuhesabu si kazi yangu.)

Git ilianzishwa na Linus Torvalds mwaka 2005 kwa ajili ya watu wa Linux, waliotawanyika dunia nzima, kila mmoja na nakala yake kamili na ratiba yake. Ndiyo maana haikuletei cha mwenzako mezani mpaka useme mwenyewe nakitaka sasa. Ukishazoea utaona ni heshima.

---

beseni_la_katonga, saa 7 mchana

Habari zenu. Mie ndiye binti mwenyewe. Shikamoo ma mdogo, shikamooni wakubwa.

Ni kweli natumia nukta. Na ni kweli kila siku iliniandikia Everything up-to-date, nikawa napiga picha ya skrini naweka kwenye simu kama ushahidi. Ninazo sita. Nilikuwa nangoja kikao.

Nimebadilisha mstari wa 7, nikaandika `git add data/katonga.csv` kwa jina lake, nikakomiti, safari hii imeniambia 1 file changed. Nimesukuma. Kaka wa Kasulu ameunganisha na main sasa hivi.

---

MamaToner, saa 7:35 mchana

Marahaba mwanangu, na unisamehe kwa maneno ya Alhamisi.

Nimevuta. Limekuja! `create mode 100644 data/katonga.csv`, mstari mzuri kuliko risiti. Na reli_ya_kati, ni kama ulivyosema, limekalia lile langu pale pale bila hodi. Nisingenakili ningekuwa nalia saa hii. Nimelinganisha na la Desktop kwa amri aliyonipa kijana:

`git diff --no-index ~/Desktop/katonga.csv data/katonga.csv`

Tofauti ni mistari mitatu tu, tarehe 9, 11 na 12, yaani masahihisho yangu. Sasa nayaingiza kwenye faili jipya, nakomiti, nasukuma.

---

beseni_la_katonga, saa 7:50 mchana

Ma mdogo subiri. Ya tarehe 11 na 12 nilikosea, sahihisha. Ya tarehe 9 sikukosea. Kilo za wakavu ni ndogo vile kwa sababu mvua ilitukuta dagaa wako kwenye vichanja, beseni nne ziliharibika tukazimwaga. Niliandika kwenye daftari, kwenye CSV hakuna safu ya mvua.

---

MamaToner, saa 8 kasoro dakika 5 mchana

Loo. Na mie nilikuwa nakuandikia dagaa ambao hawapo.

Basi ya tarehe 9 naiacha kama ulivyoandika, nasukuma hizo mbili. Sababu ya mvua niiweke wapi?

---

beseni_la_katonga, saa 8 mchana

Kwenye ujumbe wa komiti, ma mdogo. Halafu tumwombe kaka atuongezee safu. Kwenye tawi.

---

MamaToner, saa 8:04 mchana

Kwenye tawi. Na safari hii mniambie jina lake mapema.